Kima na chozi msiwaweke kesi moja

Vijana wangu wa Bigwa, mahindi yakianza kubeba tu naletewa ombi lile lile: dawa ya kumaliza "wasumbufu wa mlimani". Nikiuliza ni nani hao, natajiwa kima, halafu na chozi naye anatiwa humo, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, eti kaonekana kwenye ua la mgomba.

Hapo sikubaliani na nyie.

Kima, ambaye wengine mnamwita ngedere, ni mwizi kweli. Anashuka mchana kweupe na kundi lake, anavunja hindi, anang'ata kidogo, anatupa, anavunja lingine. Mwenye robo eka ya mahindi ya kuchoma anaweza kupoteza hela ya mbegu na mbolea kwa asubuhi chache. Lakini anajua kujitafutia: matunda, majani, wadudu, vyote anakula, na jamii yake imeenea toka Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Chozi anafuata maji matamu ya maua na vijidudu. Sitawadanganya kwamba anawaongezea mikungu, maana migomba yetu inazaa bila kuchavushwa. Ila hana hasara yoyote kwako. Na kule juu msituni yupo chozi mmoja, Cinnyris loveridgei, ambaye dunia nzima anapatikana Milima ya Uluguru tu. Akiisha hapa, ndo basi.

Sasa mtu anataka kufyeka msitu ili kima ahame. Jamani! Ukimpunguzia chakula kule, si ndo anazidi kushuka kwako? Anayekosa pa kwenda ni chozi. Halafu msitu ule ni hifadhi ya asilia tangu 2008, na maji mnayomwagilia mboga yanatoka huko huko. Ndizi ya sumu ndo kabisa, kesho ataiokota mtoto.

Mahindi na ndizi ziweke mbali na msitu. Mpakani panda tangawizi au pilipili manga. Vichaka vilivyo ndani ya shamba lako fyeka, kima akose pa kujificha. Kopo la kelele analizoea upesi, kwa hiyo lindeni kwa zamu, mtu na mbwa, toka alfajiri, na posho ya mlinzi iingie kwenye hesabu kama mbolea. Mwenye shamba linalogusa msitu aniite tupange mistari kabla hajapanda.