Upimeni mradi mwaka wa pili

BARAZANI
Na Mwanahamisi Semboja

Mwenge wa Uhuru ukikaribia kuingia Mkoa wa Tanga, halmashauri zetu zote 11 hukosa usingizi. Barabara huchongwa, madarasa hupakwa rangi, mabomba hufunguliwa yatiririke. Siku yenyewe kiongozi wa mbio hushuka kwenye gari, huomba nyaraka za manunuzi, huzunguka jengo akikagua kuta na sakafu, na mara nyingine hukataa kuzindua mradi huku mkurugenzi na mhandisi wake wamesimama mbele ya umati. Naipenda shughuli hii. Mbio za Mwenge zipo tangu 1964, na mpaka leo ni moja ya nafasi chache ambapo mwananchi wa Mkinga au Kilindi humwona mtumishi wa umma akiulizwa hadharani fedha imefanya nini.

Lakini Mwenge haukai. Ukishakabidhiwa wilaya ya pili, ukaguzi umekwisha, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kuchimba kisima na kujenga tangi ni kazi ya mkandarasi. Kuhakikisha maji yanatoka Jumatatu, Jumanne na Ramadhani ya mwaka unaofuata ndio utumishi wa umma, na huo tunaupima kwa nadra, tena majibu yake hayamfikii anayechota.

Kuna kijiji kimoja kusini mwa Jiji la Tanga, njia ya kwenda Pangani, chenye kituo cha kuchotea maji kilichojengwa vizuri kabisa. Zege halina ufa. Jiwe la uzinduzi bado linang'aa, jina na tarehe vinasomeka toka barabarani. Koki mbili hazipo; mahali pake mtu amekaza kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nilimsalimia bibi mmoja aliyekuwa amepumzika kwenye kibaraza cha kituo hicho, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamuuliza maji yamekatika lini. "Yalitoka mpaka kiangazi kile, mwanangu, kisha pampu ikaungua. Sasa tunanunua dumu kwa hawa vijana wa baiskeli." Nilipofuatilia wilayani, niliukuta mradi ule kwenye taarifa. Umeandikwa "umekamilika". Aliyeandika hakudanganya. Ulikamilika kweli, fedha ililipwa kweli, na risiti zipo.

Kijiji hiki si cha ajabu. Wizara ya Maji ilipoorodhesha vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilibainika kuwa karibu vinne katika kila kumi havitoi maji. Benki ya Dunia nayo, katika ripoti yake kuhusu maji na umaskini nchini, ilieleza kuwa kimoja katika kila vitano huharibika ndani ya mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa kwanza! Yaani rangi haijapauka. Ukipima siku ya kuzindua unapata asilimia mia. Ukirudi baada ya miezi 12 unapata habari nyingine kabisa, na hiyo ya pili ndiyo inayomhusu yule bibi.

Nchi yetu haina upungufu wa vipimo. Mwaka 1971 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliahidi kuwa kufikia 1991 kila kaya ya kijijini ingepata maji ndani ya mita 400. Sera ya Maji ya 2002 ikalirudia lengo hilo kwa tarakimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzihakiki kwa miguu yake: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Ni vipimo vizuri kuliko vingi ninavyoviona kwenye mipango mikakati ya siku hizi, kwa sababu mtoto wa darasa la tano anaweza kuvifanyia hesabu. Kinachokosekana ni mtu anayerudi kuuliza swali lile lile mwaka baada ya mwaka, na kutangaza jibu mbele ya wanaohusika.

Halmashauri nyingi zikiambiwa zijitetee huonyesha hati safi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake kila mwishoni mwa Machi, kisha zinawasilishwa bungeni, na kwa wiki mbili nchi nzima inazungumza lugha ya ukaguzi. Ni kazi kubwa, na Charles Kichere, kama Profesa Mussa Assad na Ludovick Utouh kabla yake, ameifanya ofisi hiyo isikike mpaka vijiweni. Ila hati safi inasema jambo moja tu: kwamba vitabu vya hesabu vinaeleza ukweli wa fedha. Haisemi kama bomba linatoka. Ofisi hiyo hiyo hufanya pia ukaguzi wa ufanisi, unaochimba kama fedha imeleta kilichokusudiwa, na ningetamani ripoti hizo zingesomwa kwa shauku ile ile. Kwa bahati mbaya hizo hupita kimya, maana hazina wizi wa kusimulia. Zina matangi yasiyo na maji na zahanati zisizo na dawa.

Ukitaka kuona tathmini inayofanya kazi huna haja ya kupanda ndege. Njoo hapa hapa mjini, ofisi za Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira, Tanga UWASA. Mamlaka za maji za mijini hupimwa kila mwaka na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na ripoti inachapishwa: saa za huduma kwa siku, ubora wa maji, wateja wenye dira, makusanyo, na upotevu wa maji, ambao lengo lake ni usizidi asilimia 20. Mamlaka zinapangwa kwa nafasi, na Tanga kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa miongoni mwa zinazofanya vizuri. Februari 2024 jambo jipya likatokea. Tanga UWASA ilitoa Hatifungani ya Kijani ya Shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua mtambo na mtandao wa maji yanayotoka Mto Zigi kwenye bwawa la Mabayani. Watu na taasisi walinunua mpaka ikazidi kiwango kilichoombwa, na Mei mwaka huo ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Fikirini maana yake. Aliyenunua hatifungani ile hataridhika na picha ya kukata utepe. Atataka kujua mwaka huu, mwakani na mwaka wa tisa kama maji yanauzwa, yanavuja au yanalipiwa, kwa sababu fedha yake imo. Na mwenye fedha hakupata ujasiri wa kuikopesha mamlaka ya maji kwa kuvutiwa na hotuba. Kulikuwa na rekodi ya miaka mingi, iliyopimwa na mtu wa nje kwa vipimo vile vile. Watumishi wa Tanga UWASA hawakuumbwa kwa udongo tofauti na watumishi wa wilayani. Wao wanajua kuwa swali litarudi.

Sitaki kila kijiji kiuze hatifungani. Ninachotaka ni swali linalorudi.

Ushahidi kwamba kurudi kunasaidia tunao, na upande wa afya ni mwingi. Chini ya Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioanzishwa 2013 wakati wa Rais Kikwete kwa kujifunza kutoka Malaysia, ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kuvipa vituo vya afya nyota, kutoka sifuri hadi tano. Katika upimaji wa kwanza wa 2015/16, kati ya vituo karibu 7,000, kama theluthi moja viliambulia sifuri. Ilikuwa aibu, na ilisemwa. Vilipopimwa tena 2017/18, vilivyokuwa bado kwenye sifuri vilikuwa vichache sana. Kituo kilijua kasoro zake zimeandikwa na kwamba kuna mtu atarudi kuzitazama.

Jirani zetu wa Mkoa wa Pwani walitupatia somo lingine. Kuanzia 2011, kwa fedha za Norway, vituo vya mkoa ule, Bagamoyo ikiwamo, vililipwa bakshishi kulingana na matokeo, na takwimu zao zikahakikiwa kila miezi sita. Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake wakalinganisha na wilaya za Morogoro na Lindi ambazo hazikuwa na mpango huo. Wanawake kujifungulia kituoni kulipanda kwa takriban pointi 8 za asilimia zaidi ya kule kwingine, na wajawazito kupata dawa za kuzuia malaria kwa takriban pointi 10. Katika huduma nyingi nyingine tofauti haikuonekana. Naiheshimu tathmini ile kwa sababu ilisema yote mawili.

Hapa lazima nimtetee muuguzi anayeziandika takwimu hizo. Ingia zahanati yoyote ya pwani yetu asubuhi ya kliniki. Muuguzi yuko peke yake, mbele yake yamepangwa madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya: namba 5 la wagonjwa wa nje, namba 6 la wajawazito, namba 7 la watoto, namba 12 la leba. Mama mmoja anaandikwa mara mbili au tatu kabla hajapimwa tumbo, na foleni inafika mlangoni. Mwisho wa mwezi yote hujumlishwa na kupelekwa halmashauri, kisha mkoani, kisha Dodoma. Mara ngapi yamerudi pale zahanati kama jibu? Tangu 2004 tumempima mtumishi kwa OPRAS, fomu za tathmini ya utendaji, na sasa kwa mfumo wa PEPMIS kwenye kompyuta, akijaza malengo yake na kiasi alichofikia. Sina ugomvi na mifumo hiyo. Ila kila fomu mpya inakula dakika za mgonjwa, kwa hiyo anayeibuni awe tayari kueleza ipi ya zamani itafutwa.

Na anayepima si lazima awe mtaalamu kutoka mbali. Wavuvi wa Kigombe, Tongoni na vijiji vingine vya mwambao wanalijua hili. Mwaka 1994, kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN, ulianza Mpango wa Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani ya Tanga. Wanavijiji walifundishwa kuzama na kupima matumbawe yaliyo hai, kuhesabu samaki, na kurudia zoezi kwenye miamba iliyofungwa na iliyoachwa wazi. Doria zikafanyika, uvuvi wa baruti ukapungua sana. Wazee waliokuwa wakivua enzi hizo huyakumbuka matokeo yale kwa usahihi, kwa sababu waliyahesabu wenyewe. Baadaye usimamizi ulipolegea mabomu yalirejea, na mpango wenyewe ukamalizika 2007. Walichokosa wanavijiji si ujuzi wa kupima. Walikosa serikali ya kuichukua hesabu yao na kuifanyia kazi.

Sheria tunayo tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike walau kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, imevipa vyombo vya watumia maji vijijini wajibu wa kuendesha skimu. Kwa hiyo pendekezo langu halihitaji Bunge. Kila mradi unaotimiza miezi 12 tangu ukabidhiwe upimwe upya na mtendaji wa kijiji pamoja na chombo cha maji, kwa maswali yasiyozidi matano: vituo vingapi vinatoa maji leo, vilikauka siku ngapi mwaka huu, ndoo bei gani, kiasi gani kipo benki, kifaa kipi kinasubiriwa na kwa nani. Majibu yasomwe mkutanoni, yabandikwe ofisi ya kijiji, kisha diwani ayapeleke kwenye Baraza la Madiwani. Watasema wengine kuwa hili litageuzwa siasa. Na liwe siasa. Afadhali wagombea wagombane juu ya idadi ya koki zinazotoa maji kuliko juu ya nani alikata utepe.

Pa kuanzia papo. Juni 2022, Ikulu ya Chamwino, ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Handeni hasa imeingoja huduma hii kwa uchungu. Bomba lao kuu, Handeni Trunk Main (HTM), ni la miaka ya 1970, na kina mama wa kule wameamka usiku wa manane kwenda kutafuta maji kwa vizazi viwili. Kila mji uandike sasa hivi, kwa azimio la madiwani, saa ngapi za maji kwa siku umeahidiwa, kwa bei gani, kwa mitaa ipi, na tarehe ya kupima tena miezi 12 baada ya kuzinduliwa. Vikao vya robo mwaka viko wazi kwa wananchi. Madiwani wa Handeni waiweke hoja hii kwenye ajenda ya kikao kinachokuja.