Mashini mpya, funguo kwa nani?

Ndugu wanakoperative wa Mboko, wamama na wababa, mashini ya kusaga muhogo ikifika, sisi maagronome tunapima kilo ngapi kwa saa, tunafurahi. Lakini swali moja tunalisahau: funguo anashika nani, na franga anahesabu nani?

Mama ndiye analima, analoweka, anaanika. Kazi ile ile ikianza kuleta feza, mara nyingi ni baba anakaa na buku ya risiti.

Mwaka 2011 FAO ilipiga hesabu: wamama wakulima wakipata mbegu, mbolea na vyombo sawa na wababa, mavuno ya mashamba yao yanaweza kupanda 20 mpaka 30 kwa mia. Hiyo si huruma, ni magunia.

Sheria ya koperative ya OHADA, ambamo Kongo iliingia 2012, inasema: memba mmoja, kura moja. Basi kama jina katika buku ni la baba peke yake, mama hana kura juu ya mashini anayoilisha.

Mbele ya kuomba mashini nyingine, tuandike majina ya wamama katika buku, na mmoja wao afundishwe kuiendesha. Mimi nitaanza kuuliza hivyo kila mkutano.