ROHO YA FUNDI NA BEI YA SWICHI



Mtu atauliza: reli haifiki Garissa, basi watu wa reli wana neno gani na stima ya Garissa? Neno tunalo. Fundi aliye juu ya nguzo ni mfanya kazi kama sisi, na hatari imngojayo huko haitoki kwa Mungu. Yatoka kwa mwenye duka aliyenunua jenereta akakataa kununua swichi ya chenjiova.

Garissa hupata stima kwa njia ya volti 132,000 itokayo Kindaruma kupitia Mwingi. Njia hiyo ikikatika, mji hukaa gizani. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima. Novemba na Desemba mwaka huohuo likarudi. Kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa kuweka jenereta. Dawa ya zahanati huharibika kwa joto, na maziwa ya ngamia hayangoji.

Twalaumu namna ya kuiunga. Wako watu watengenezao waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja jenereta, upande wa pili soketi ya ukutani. Hapo stima huenda kinyume. Hutoka nyumbani, hupita mita, hufika kwenye transfoma. Transfoma iliyokuwa ikishusha volti 11,000 sasa huzipandisha volti 240 kuwa 11,000. Fundi ameambiwa waya umekufa, kumbe u hai.

Wenye mali wana majibu matatu.

La kwanza: "Mimi huzima swichi kubwa kwanza." Siku zote? Usiku, kwa haraka, anayewasha ni askari wa lindo, naye hakufundishwa. Sisi wa reli twajua jambo hili. Kwenye njia moja, treni mbili haziingii kipande kimoja, na kanuni haitegemei kumbukumbu ya mtu: dereva haingii ila kwa idhini. Chenjiova ndiyo idhini hiyo. Mkono wake una mahali patatu: stima, sifuri, jenereta. Stima na jenereta haziwezi kukutana, hata mwenye kuushika awe na usingizi.

La pili: "Jenereta yangu ni ndogo, itazimika ikibeba mtaa mzima." Mara nyingi ndivyo. Lakini waya ukiwa umekatika karibu, hapana mtaa wa kubeba. Pana waya mtupu na fundi.

La tatu: "Swichi ni ghali." Bei yake ni ndogo kuliko ya jenereta. Aliyenunua ngamia hashindwi na kamba. Tena stima ikirudi ghafula na jenereta imeungwa kwa plagi, jenereta ndiyo iunguayo, na pengine nyumba pamoja nayo.

Kweli, fundi naye ana kanuni: apime waya, auunge na ardhi kabla ya kuugusa. Ndugu zetu wa KETAWU waishike sana kanuni hiyo. Lakini uangalifu wa mmoja si ruhusa ya uzembe wa mwingine.

Basi twadai haya:

1. Kila jenereta ya nyumba iungwe kwa chenjiova ikatayo waya moto na nyutro pamoja, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, kama Sheria ya Nishati ya 2019 itakavyo.

2. Waya wa ardhi upimwe kwa chombo. Mchanga mkavu haupitishi stima vizuri. Nondo iliyochomekwa juu juu ni pambo tu.

3. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

4. Tajiri asimwamuru askari wala mpishi kuunga jenereta kwa waya wa plagi mbili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka awape wafanya kazi mafunzo na mahali salama. Aamriwaye akatae, na tawi lisimame naye.

Mwanachama ye yote auonaye waya huo, dukani, hotelini au kwa jamaa yake mwenyewe, na aseme. Anyamazaye amemwachia fundi deni la kulipa kwa roho yake.

Umoja ni nguvu.