MZIGO MWEPESI AU MZIGO WA NURU?



Juma lililopita, katika ibada ya asubuhi, mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano alipewa zamu ya kusoma Matayo 11:30 kwa Kiingereza na kuufasiri mstari kwa Kiswahili. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye neno "light" akasema kwamba mzigo wa Bwana Yesu ni nuru. Watu wote wakacheka. Hata sisi tunaoandika hapa tulicheka, tusijifiche. Mmoja akasema kutoka nyuma, "Mzigo iko nuru? Basi tubebeshe na sisi tuone njia!" Tangu siku ile mwenzetu hanyanyui tena kidole katika somo la Kiingereza. Mwalimu akimwita, anasimama, ananyamaza, anakaa. Njo maana tumeshika kalamu.

Tulikwenda kumuomba Mwalimu wa Kiingereza kamusi yake kubwa. Sisi wote tulifikiri "light" ni neno moja lenye maana mbili, kama vile mtu mmoja mwenye kazi mbili. Kumbe sivyo. Ni maneno mawili, kila moja na ukoo wake, yaliyokutana njiani yakavaa nguo moja. Yalikutana zamani sana: katika Kiingereza cha miaka 1000 iliyopita yote mawili yalikuwa yakiandikwa "leoht". "Light" ya nuru ni ndugu ya "lux" na "lumen" za Kilatini, na kwa njia hiyo Wafaransa wana "lumière". Hata "lune", mwezi, ni wa ukoo ule ule. Lakini "light" ya uzito ni ndugu ya "levis", na huko ndiko linakotoka "léger". Kwa hiyo sisi tunaofundishwa kwa Kifaransa tunaweza kuona tofauti ambayo Mwingereza mwenyewe pengine haioni.

Majirani zao hawakuyachanganya. Mjerumani anasema "Licht" kwa nuru na "leicht" kwa kitu chepesi. Wamisionari wa Sweden waliofika upande huu wa ziwa katika miaka ya 1920 walisema kwao "ljus" na "lätt". Mmoja wao angepewa mstari ule asome katika Biblia ya kwao asingekosea hata kidogo, lakini si juu ya akili nyingi. Lugha yake ilimpa maneno mawili tayari.

Jambo lililotufurahisha kuliko yote ni mapafu. Neno la Kiingereza la pafu, "lung", linatoka katika ukoo huo wa wepesi, na wauza nyama wa Uingereza wana desturi ya kuyaita mapafu ya mnyama "lights". Mmoja wetu, ambaye baba yake anachinja mbuzi, akasema palepale, "Ni kweli! Ukiweka vipande ndani ya beseni la maji, pafu linaelea." Hakuhitaji kamusi. Halafu kuna "lighter". Briketi ya kuwashia sigara inaitwa hivyo (sisi hatuvuti), na chombo kipana cha kupakua mizigo ya meli kubwa nacho kinaitwa hivyo. Ya kwanza inatoa moto na mwanga, cha pili kinaipunguzia meli uzito. Mtu akituambia kwa Kiingereza kwamba alinunua "lighter" huko Kalundu, tumuulize kwanza kama aliitia mfukoni.

Na wavuvi wetu wanaotoka jioni kutafuta ndakala kwa taa? Mtumbwi wao unaondoka ukiwa "light" kwa njia zote mbili, mwepesi tena wenye taa. Asubuhi, Mungu akipenda, unarudi bila hata moja: taa zimezimwa na samaki wamejaa.

Tena tusifikiri Kiswahili chetu hakina mitego. Paa ni ya nyumba, paa ni mnyama wa porini, na kupaa ni kwenda juu. Hata neno mwanga, ambalo tunalisema kila siku, kwa watu wa pwani ya Zanzibar na Mombasa linaweza kuwa jina la mchawi anayetembea usiku. Mgeni wa huko akikusikia gizani unaomba mwanga, atashtuka.

Wengine wametuambia kwamba mwenzetu alipaswa kufikiri, kwani mzigo hauwezi kuwa nuru. Sisi tunauliza: kwa nini usiweze? Katika Yoane 8:12 Bwana Yesu anajiita nuru, na Biblia ya Kiingereza inatumia herufi zile zile tano. Maana hiyo ndiyo mwenzetu aliyojifunza kanisani tangu utoto, na akaitumia kanisani. Wengine wanasema kicheko kinafundisha, mtu akichekwa mara moja hatasahau. Tunakubali kwamba hatasahau. Lakini tangu siku ile hajajifunza neno hata moja la Kiingereza, kwa sababu hasemi.

Tunawaomba wakubwa wetu mambo mawili. Atakayesoma ibadani apewe mstari wake jana yake jioni, apate nafasi ya kuuliza. Na Mwalimu, akifika kwenye maneno ya namna hii, ayaandike mawili ubaoni, kila moja na jamaa yake ya Kifaransa pembeni. Kwetu sisi wanafunzi hakuna la kuomba, ni kufunga midomo tu wakati mwenzetu anafasiri.

Jumatano zamu ni ya mwaka wa tano tena. Tulimwendea mwenzetu katika chumba cha kulala, tukamuomba msamaha, tukamuomba asome yeye, safari hii Yoane 8:12, ambapo "light" ni nuru kweli kweli. Hajakubali bado. Anasema atatujibu Jumanne jioni.