Mstaafu, usimalizie kiinua mgongo kwenye rangi ya gari

WASTAAFU wengi wana gari kuukuu lililolala chini ya mwembe. Huenda ni Peugeot 404 au 504, magari yaliyojipatia jina kwa kushinda Safari Rally miaka ya 1960 na 1970. Kulirudishia rangi yake ni kazi nzuri ya uzeeni, lakini ni burudani, si kitega uchumi. Anayempa fundi kiinua mgongo chote akitumaini mnunuzi atatokea anacheza kamari. Fedha hizo zina kazi shambani au dukani.

Ukifanya mwenyewe, kinachotumika zaidi ni muda. Kutu ikwanguliwe hadi bati ling'ae, mabonde yajazwe puti, praima ipakwe, na ikikauka isuguliwe kwa msasa wa maji namba 400 au 600. Ukipaka juu ya kutu, masika yajayo rangi itavimba na kubanduka.

Linalopuuzwa mno ni vumbi. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huwadhuru zaidi watoto. Kupiga msasa mkavu uani, wajukuu wakicheza na kuku wakidonoa, hakufai kabisa. Lowanisha kwanza, kisha uzoe tope lote.

Rangi za kuchanganya na hadina nazo zikipulizwa zaweza kuleta pumu, na kitambaa puani si kinga. Hapo mlipe fundi mwenye vifaa na kinyago cha kazi hiyo. Hiyo ndiyo gharama pekee ninayoitetea.