Tuwape Wachoraji Kuta Zetu

Mtu asafiriye kwa barabara kuu ya TANZAM kutoka Iringa, akapita Mafinga na Makambako hata akafika Mbeya, ataona kwamba kuta nyingi za maduka ya kando ya njia zimekwisha pakwa rangi za kampuni za simu, nyekundu hapa, samawati pale. Na rangi hizo, ingawa zimejaa tangu msingi hata paa, hazimsemeshi mtu neno la moyoni, kwa kuwa zilipakwa ili aijue alama ya biashara, basi.

Nayataja hayo kwa sababu husemwa, hata na watu wenye elimu, kwamba picha kubwa isiyo na mtu wala mnyama ndani yake, bali rangi tupu, ni sanaa ya kigeni isiyotuhusu. Kauli hiyo siikubali. Katika jabali la Igeleke, karibu na mji wa Iringa, iko michoro ya kale ya rangi nyekundu. Mingine imefifia hata jicho halipambanui umbo, walakini wekundu wenyewe ungalipo, nao humshika mtazamaji kabla hajajua anatazama nini. Taathira hiyo ndiyo aliyoitafuta Mark Rothko wa Marekani, aliyepaka maturubai yaliyopita kimo cha mtu ili rangi imzunguke mtazamaji. Na katika jumba la sala la Houston lililofunguliwa mwaka 1971, mlimo picha zake 14 za zambarau iliyokoza na weusi, wako waketio kimya hata wakatokwa na machozi. Picha hiyo ukiipunguza iwe kadiri ya kalenda, huzuni yake hugeuka pambo.

Wala asiseme mtu kwamba macho yetu hayajazoea. Mchumaji chai wa Mufindi, atakiwaye kuchuma majani mawili na chipukizi lake, hubagua kijani na kijani kutwa nzima, pasipo kukosea, katika ukungu.

Basi nawasihi madiwani wa Jiji la Mbeya na wa Manispaa ya Iringa: katika kila stendi, soko au hospitali mtakayoijenga, tengeni ukuta mmoja ulio mkubwa kuliko yote, mmpe mchoraji kijana wa hapa hapa pamoja na ujira wa haki, wala msimwamuru kuchora twiga.