Mwacheni dada wa kazi aandikwe na anayemjua

Tazama tamthilia yoyote ya Kiswahili inayochezwa kwenye nyumba yenye geti, utamkuta dada wa kazi. Atakuwa mmoja kati ya wawili. Ama ni mshamba mwenye lafudhi ya kwao, anayevunja sahani na kupokea simu ovyo ili watu wacheke, ama ni yule anayepita sebuleni na kanga moja mbele ya baba mwenye nyumba, na usiku anakwenda kwa mganga ili amng'oe mama. Nimewatazama wote wawili kwa miaka, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni kwa sababu sofa haikuwa yangu kukalia. Sikuwahi kumwona ninayemfahamu.

Nilitoka Kilolo, mkoani Iringa, baada ya kumaliza darasa la saba, nikaja Dar es Salaam kulea watoto wa watu. Siku hizi naandika skripti. Vipande vichache vya tamthilia nilivyoandika vimeshaonyeshwa, na sasa nina filamu yangu ya kwanza mkononi. Inamhusu msichana anayefanya kazi nilizozifanya mimi, kwenye nyumba ya Tabata inayofanana na ile niliyoishi.

Kiini chake ni hiki. Msichana amemlea mtoto tangu hajaota jino. Mtoto akishtuka usiku, yeye ndiye anayeitwa. Mtoto anafikia umri wa kuanza shule, na mama mwenye nyumba anaona hahitaji tena dada wa kulala ndani. Asubuhi gari la shule linapiga honi. Msichana anamfunga mtoto kamba za viatu, anamwekea chupa ya maji kwenye begi, anampungia mkono pale getini. Nguo zake mwenyewe zimeshafungwa, ziko chini ya kitanda. Ameagizwa asiage, mtoto asije akalia akakataa kupanda gari.

Mtayarishaji mmoja aliusoma ukurasa huo akaniuliza tukio liko wapi. Akapendekeza baba mwenye nyumba aingie chumbani kwa msichana, ndipo hadithi ianze.

Yanatokea hayo, najua, na waliofanyiwa wanastahili filamu zao, zilizoandikwa kwa uchungu na kwa heshima. Lakini udhalilishaji ukitiwa kama pilipili kwenye mchuzi uliopooza, anadhalilishwa tena yule yule. Na mtayarishaji anapoona kwamba kumtenganisha mtoto na aliyemlea si tukio, nagundua kwamba hajawahi kufikiria kuwa yule dada ana moyo wa kuvunjika.

Anayeijua kazi hii ana mengi ambayo hayahitaji kutungiwa vituko. Anajua kulala na sikio moja wazi, kwa sababu geti lazima lifunguliwe bosi akirudi saa nane za usiku, na ndoo za maji lazima zijae alfajiri. Anajua kopo la sukari linalowekewa alama kwa kalamu. Anajua mshahara unaotumwa kwa simu moja kwa moja kwa baba kijijini, mfanyakazi mwenyewe asiuone wala asiuguse, akaishia kuomba hela ya pedi. Mwaka 2013 amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara ilitaja shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi anayelala kwenye nyumba ya kawaida. Wengi wetu hatukujua kama kuna amri ya namna hiyo. Kwenye skripti yangu redio inaisoma habari hiyo wakati msichana anapiga pasi, na mama anakuja kupunguza sauti, mtoto amelala. Sikueleza zaidi. Mtazamaji ataamua mwenyewe kama sauti ilipunguzwa kwa ajili ya mtoto.

Hata hivyo sisemi kwamba asiyewahi kupiga deki hana ruhusa ya kutuandika. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli kwenye bandari ya Marseille kabla hajawa mwandishi. Habari ya gazetini ndiyo iliyomfikisha kwenye filamu yake La Noire de..., ya mwaka 1966. Humo msichana Diouana anaondoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akiamini anakwenda kulea watoto, kumbe ni kupika, kufua na kusafisha tangu asubuhi hadi usiku. Anasafisha nyumba akiwa amevaa viatu vya visigino na gauni zuri, na bibi wa nyumba anamwamuru avivue. Hapo ndipo nilipomwamini Sembène. Nguo nzuri ulizotoka nazo nyumbani ni mtu uliyekuwa kabla hujafika, na kuna watu ambao hawavumilii kumwona mtu huyo ndani ya nyumba yao. Sembène hakuwa mfanyakazi wa ndani, lakini alikuwa amebeba mizigo ya wengine kwenye nchi ile ile.

Alfonso Cuarón wa Mexico aliitazama kazi hii kutoka upande wa mtoto aliyelelewa. Filamu yake Roma, ya mwaka 2018, imetokana na maisha ya Libo, dada aliyemlea, na ametabarukiwa kwa jina. Ilipata tuzo tatu za Oscar mwaka uliofuata. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara inaniuma mahali pale pale. Cleo, dada wa kazi wa kwenye filamu hiyo, hajui kuogelea, lakini anaingia baharini kuwatoa watoto kwenye mawimbi. Familia nzima inamkumbatia mchangani. Wanarudi nyumbani, anamwambia mwenzake wa jikoni kwamba ana mengi ya kumsimulia, kisha anabeba nguo za kufua na kupanda ngazi kwenda juu ya paa. Filamu inaishia hapo. Cuarón alikuwa mkweli kusimama hapo, kwa sababu mtoto wa bosi hasikii yanayosemwa jikoni. Hayo mengi ya Cleo ndiyo ninayotaka kuyaandika.

Wala kuandika uliyoyapitia si jambo geni kwetu. Adam Shafi aliwekwa kizuizini Zanzibar baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, na riwaya yake Haini ikatoka mwaka 2003. Hakutuletea shajara ya gerezani. Alitupa riwaya, yenye wahusika wanaopumua wenyewe. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya nyingine ya Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyofika hadi tamasha la Toronto. Nimejifunza kwa Shafi kwamba maumivu yako ni malighafi tu, na mengine yote ni kazi ya mikono.

Kazi iliyonitoa jasho zaidi ilikuwa kumwandika mama mwenye nyumba. Ingekuwa rahisi kumfanya shetani. Lakini ni mwanamke anayetoka gizani ili awahi ofisini Posta, anakaa kwenye foleni ya Buguruni maziwa yakimvuja kwenye blauzi, anarudi mtoto ameshalala. Jumapili moja anamsikia mwanawe akimwita mtu mwingine mama, na uso wake unabadilika. Niliuona uso huo nikiwa binti mdogo nikaudhania ni hasira. Leo nina mtoto wangu, nami natafuta wa kumwachia ninapokwenda lokesheni, na ninauandika uso ule kwa namna nyingine kabisa. Mama yule akikosa haki yake kwenye skripti, hata uchungu wa msichana hautaaminika.

Vituo vinataka tamthilia mpya kila msimu, na watayarishaji wanalalamika kwamba hadithi zimekwisha. Hazijakwisha. Ziko kwa kondakta, kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mama ntilie wa Feri, kwa madada wanaoandika kwenye simu zao taa zikizimwa. Wapeni watu hao mtu wa kuwafundisha jinsi sini inavyojengwa, na muda wa kuandika upya. Msichukue simulizi zao kwa soda na nauli, kisha mkampa mwandishi mwingine aweke mganga.

Nanyi mnaoandika, andikeni kwanza ndipo mkasimulie ofisini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kilichoandikwa, hailindi wazo lililotoka mdomoni. Dai mkataba kabla ya kukabidhi skripti. Uwe na kifungu kinachosema nani ana ruhusa ya kubadilisha sini zako, utalipwa lini, na kwamba jina lako litatokea mwanzoni mwa filamu, si mwishoni pale kituo kinapokata kwenda kwenye matangazo.